Barafu ya Kiwanda, Soda za Wakwe

Siku inayonijia kwanza kila nikikumbuka ujana wangu, mwanangu, si ile niliyomaliza kidato cha nne wala ile niliyofunga ndoa. Ni Jumamosi niliyochota barafu ya samaki nikapozea soda. Ndiyo, soda. Kwa kreti moja ya soda nilikaribia kumfukuzisha mtu kwenye riziki yake, nikaufungia mwalo mzima, yaani ufuko wetu wa kushushia samaki, mlango wa soko, na nyanya za watu wa Misungwi zikaozea kwenye matenga bila mimi kuzigusa hata moja. Cheka kwanza, halafu ukae vizuri. Hata mimi huwa nacheka, ila kicheko changu hakishuki tumboni.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia umeanza biashara. Unanunua mabondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa sangara, unayakausha, unayapeleka mjini, na huko mjini kuna anayempelekea mwingine, mpaka yanafika Uchina kwenye supu ya watu tusiowajua majina. Nimefurahi. Lakini juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako kwenye simu, "Wewe anika tu popote, hao wa huko watajuaje?" Nikasema moyoni: huyu ni mimi kabisa, ila amevaa suruali ya kubana.

Basi nisikilize.

Wapo wanaodhani kila aliyezaliwa kando ya ziwa ni mvuvi. Mimi ziwa naliogopa. Nimekula samaki wake, nimeoga maji yake kwa ndoo, lakini kuingia mtumbwini, hapana. Wazazi wangu walitoka Mara nikiwa mdogo, tukahamia huku Ilemela kwenye mawe, na ndugu zangu wote wakawa watu wa makasia na mashine. Mimi nikawa mtu wa jikoni na kibarazani. Wakinitania, "Masatu, wewe ni Mjita wa nchi kavu," nilikuwa nawajibu kwamba angalau anayefia kitandani hatafutwi kwa nyavu.

Kwa uoga wangu huo ndivyo nilivyopata kazi. Shangazi yangu Nyanjura alikuwa wakala wa kiwanda cha samaki. Kila asubuhi gari la kiwanda lilitushushia barafu, tukaijaza kwenye kasha kubwa lenye kuta nene lililokaa chini ya banda la mabati mwaloni. Mitumbwi ikirudi, sangara wanapimwa, wanalazwa kwenye kasha: barafu chini, samaki juu yake, barafu tena, samaki tena, mpaka kasha lijae. Jioni gari linarudi kuwachukua. Kiwandani wanachunwa ngozi, wanakatwa minofu, wanafungwa kwenye maboksi, na kesho yake wako njiani kwenda Ulaya. Samaki aliyeamka Ilemela analala kwenye sahani ya mtu anayevaa koti kwa ajili ya baridi. Katikati ya hao wawili kulikuwa na kitu kimoja tu kinachowaunganisha, nacho ni ule ubaridi. Ubaridi ukikatika mahali popote, kamba nzima imekatika.

Ufunguo wa kasha niliuvaa mimi shingoni. Shangazi aliniambia, "Nakupa wewe kwa sababu huna mahali pa kwenda." Nililichukua hilo kuwa sifa.

Sasa, katika siku hizo nilikuwa nimempenda binti mmoja, Veronika, ambaye baba yake alikuwa mwalimu na walikaa Butimba. Posa ilikuwa imepelekwa, na mwalimu akasema hatatoa jibu mpaka aje aone kijana anakaa wapi na watu gani. Akapanga Jumamosi, saa za mchana. Ndugu zangu walisema tuchinje kuku. Mimi nikaona kuku ni jambo la kila mtu. Nikawaza: mwaloni hakuna umeme, jua linapiga juu ya mawe mpaka kenge anatafuta kivuli, halafu mkwe anafika, anapewa soda yenye baridi, chupa inatoa jasho. Atasema huyu kijana ana mpango.

Mpango ulikuwa kwenye kasha.

Asubuhi ile nilichota ndoo moja. Moja tu, mwanangu, naapa hivyo ndivyo nilivyonuia. Nikaimwaga kwenye beseni kubwa nyumbani, nikalaza chupa zangu, nikafunika na gunia. Wakwe hawakufika. Mchana ukaingia, beseni likawa maji. Nikarudi. Walikuwa wamekwama mjini wakimsubiri mjomba mmoja, na kila walivyochelewa ndivyo nilivyorudi kwenye kasha. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja, nao hawakuwa wamewahi kuona barafu. Nilikuwa nafungua mfuniko katikati ya jua kali, nachota haraka, nageuka nisionekane, na safari moja nilisikia sauti za wageni kwenye njia ya mawe nikakimbia na ndoo. Mfuniko sikuubana. Niliurudishia tu.

Wakwe wakanywa. Mwalimu aliishika chupa, akaipitisha kwenye paji la uso, akasema, "Hapa mwaloni! Ama kweli." Mjomba mtu akaomba ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama kama mshumaa wa Pasaka. Wakati huohuo, hatua chache kutoka pale, sangara wa safu ya juu walikuwa wanapikwa na bati.

Nilipowasindikiza wageni na kurudi, nilikuta mfuniko umekaa upande. Nilitia mkono. Barafu ya juu ilikuwa imekwisha, samaki wana uvuguvugu. Hapo ndipo nilipopaswa kupiga kelele. Badala yake nilifukua barafu ya chini kwa mikono, nikaipandisha juu, nikawafunika wale samaki kama mtu anayefunika aibu kwa shuka fupi. Gari likaja, likapakia, likaondoka. Nikakaa kibarazani nikajiambia labda. Neno "labda" limewaua watu wengi kuliko mamba.

Jumapili tukitoka kanisani, Shangazi alipanda lile jiwe letu refu. Siku hizo ndilo lilikuwa mnara wetu, ukitaka mtandao wa simu unapanda na miguu. Alipanda akiwa Shangazi, akashuka akiwa mtu mwingine. Alikaa chini na gauni lake la kanisani, akasema polepole:

"Wamekataa mzigo wote. Ndege imeondoka na nafasi tupu. Wamesema hawaleti gari hapa mpaka tuwaambie nani alileta samaki mbovu, na tumefanya nini naye."

"Wote, Shangazi? Si wa juu tu?" Nilijikwaa ulimi, mwanangu, lakini hakuna aliyesikia kilichokuwa ndani ya swali hilo.

"Samaki mmoja akioza wote wameoza," akasema. "Sisi tunaisema kama methali. Wao ni sheria."

Jumatatu gari halikuja. Jumanne halikuja. Sikujua kwamba gari moja linaweza kuwa uti wa mgongo wa mahali. Wavuvi walirudi na sangara wakubwa, hakuna wa kuwapokea. Tukala, tukakausha, tukagawa, mwishowe watu wakawa wanatazamana na samaki. Aliyekuwa anauza mafuta ya mashine akafunga. Mama wa chapati akaacha kukanda unga. Mama Holo, mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akileta nyanya na mchele kutoka Misungwi, aliteremsha matenga yake kama kawaida, akakaa kutwa, hakuna mwenye mkono wa kununua. Akarudi siku ya pili kuzitazama zikiwa zimeanza kutoa maji. Alisimama katikati ya mwalo, mikono kiunoni.

"Enyi watu wa maji! Samaki wenu wameharibika, haya. Nyanya zangu zimekosa nini?"

Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Lile swali ndilo lililonifungua macho, ingawa mdomo haukufunguka. Nilikuwa nimesoma jiografia shuleni, nikachora ramani ya mikoa na mazao yake: hapa pamba, pale dengu, kule samaki. Kila kimoja na rangi yake, na mistari mizuri ya kutenganisha. Hakuna mwalimu aliyenionyesha kwamba ukiyeyusha barafu Ilemela, shamba la Misungwi linanyauka, na dukani kwa mtu Ulaya kuna kisahani kitupu. Mistari ile ipo kwenye karatasi tu. Fedha haiioni.

Mtu ambaye watu walianza kumtazama ni Kulwa.

Kulwa alikuwa kijana wa rika langu, mvuvi hodari, mgeni kidogo pale kwetu kwa kuwa alitoka upande wa Misungwi na hakuwa na ukoo mwaloni. Jumamosi ile mashine yake ilizimika ziwani akachelewa kurudi. Akawa wa mwisho kuleta samaki. Basi maneno yakaota miguu: alichelewa, samaki wake walikuwa wamelala kwenye nyavu, wamekufa zamani, akawachanganya na wa wenzake. Uongo mtupu. Samaki wa Kulwa niliwapokea mimi, kwa mikono hii, kati ya ndoo na ndoo. Macho yao yalikuwa maangavu na matamvua mekundu kama pilipili.

Jumatano mwenyekiti wa mwalo, Mzee Magesa, aliita kikao chini ya lile banda. Mwalo wote ukaja, na Mama Holo pia, na tenga lake la nyanya mbovu kama shahidi. Kulwa akasimamishwa mbele.

"Kulwa, mdogo wangu," Mzee Magesa alianza, "Jumamosi ulichelewa, hukuchelewa?"

"Nilichelewa, mzee. Mashine ilizima."

"Na samaki?"

"Niliwatoa kwenye nyavu asubuhi, wazima. Mtu anayewajua ni aliyewapokea."

Macho yote yakanigeukia. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakunitazama, alitazama ufunguo kifuani pangu.

"Masatu," mwenyekiti akasema, "wewe ni kijana wa nyumbani, huna kundi. Tuambie. Barafu ya Jumamosi ilikuwa kamili?"

Jibu la mwalimu wa Butimba lilikuwa bado halijaja. Nilimwona Veronika akilini, nikaiona chupa ikitoa jasho. Nikasema:

"Ilikuwa kamili, mzee."

"Na samaki wa Kulwa?"

"Walikuwa... sikuwatazama sana."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi siku ile sikujikwaa. Nilitembea wima kabisa, nikaukanyaga uongo kwa mguu mzima. Kulwa alinitazama kama mtu aliyeitwa jina la mwingine. Hakubisha. Mtu asiye na ukoo anajua kubisha kwake kunahesabiwa kuwa makosa ya pili.

Wakakata shauri. Kulwa asishushe tena samaki kwenye mwalo wetu, aondoke na mtumbwi wake siku hiyohiyo, ili Shangazi apande jiwe awaambie kiwandani kwamba mbovu ameondolewa. Watu wakashusha pumzi. Ndivyo tulivyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama wa chapati alikwishaanza kutafuta chungio lake la unga.

Hapa nisimame kidogo nikueleze desturi moja ambayo nyie wa pikipiki mnaisahau. Mtumbwi mkubwa hausukumwi na mtu mmoja. Mwenye mtumbwi akiita, "Jamani, bega!" yeyote aliye karibu anaacha alichoshika, anaweka bega. Haulizwi kama unampenda. Hata mahasimu husukumiana, kisha wanaendelea kununiana.

Kulwa alikunja nyavu zake, akaweka sufuria yake na blanketi ndani ya mtumbwi, akasimama nyuma yake. Akaita, "Jamani, bega!"

Hakuna aliyenyanyuka.

Akaita tena. Sauti ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Watu walikuwa wanatazama mawe. Kuona desturi ile ikivunjwa mbele ya macho yangu kulinitia baridi kuliko barafu yote niliyopata kuchota. Sijui miguu yangu ilitumwa na nani, mwanangu, maana kichwa kilikuwa kinasema kaa. Nilijikuta nimeweka bega kwenye ubao. Tukasukuma wawili. Mtumbwi ukasogea, ukakwama, ukasogea. Maji yakanifika vifundoni, yakanifika magotini, mimi nisiyeingia majini. Kulwa akageuza uso, jasho linamtoka, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Asante, Masatu. Wewe peke yako."

Mtu akikutukana una cha kumjibu. Akikushukuru kwa kumsaidia kubeba msalaba ambao wewe ndiye uliyemchongea, utajibu nini? Nilishika ubao wa mtumbwi ule kwa nguvu kuuzuia usiende, nikageukia ufukweni nikapiga kelele kama mtu anayezama:

"Mwenyekiti! Mzee Magesa! Barafu niliitoa mimi! Niliitoa nikawapozea wakwe soda! Mfuniko niliuacha wazi! Samaki wa Kulwa walikuwa wazima!"

Mtu mmoja akacheka, kicheko kikakatika. Mama Holo alichukua nyanya moja iliyooza kwenye tenga, akaipima mkononi kama anayechagua, akairusha. Alikuwa na shabaha. Sikukwepa.

"Soda!" akasema. "Soda, Mungu wangu!"

Kulwa aliuvuta mtumbwi wake kuurudisha, na safari hii mabega yakapatikana tele, kila mtu ghafla ana nguvu. Mimi nilikaa majini mpaka Shangazi aliponiita.

Shangazi hakunipiga wala hakupaza sauti, na laiti angefanya hivyo. Alinyoosha mkono, nikavua ufunguo nikampa. Akasema, "Masatu, unajua kwa nini nilikuwa nakaa na hofu kila jioni gari likiondoka? Yule mnunuzi wa mbali hanijui. Hajui kama mimi ni mjane, hajui kama nasali, hajui kama wewe unataka kuoa. Anachokijua juu yetu ni samaki tu akifungua boksi. Samaki ndiye anayekwenda kutusemea. Wewe umemtuma akatuseme kwamba sisi ni watu wachafu."

Kisha akanipeleka. Kesho yake tulipanda gari la abiria mpaka kiwandani, nikasimama mbele ya meneja na mkaguzi wa samaki, binti mmoja wa rika langu mwenye buti nyeupe, nikaeleza mwanzo hadi mwisho na kuwaomba radhi. Meneja alikasirika, lakini yule binti alimwambia kwamba afadhali mwalo unaojua kosa lake liko wapi kuliko mwalo unaomfukuza mtu na kubaki na kosa. Akanivalisha koti jeupe akanipitisha ndani. Nikaona wanawake wa Mwanza wamesimama kwenye meza ndefu, visu vinapita, hakuna anayeinua kichwa. Nikaona maboksi yenye majina ya miji nisiyoweza kuyatamka. Niliweka kiganja juu ya boksi moja. Lilikuwa la baridi kuliko soda yoyote. Akaniambia, "Hili likifunguliwa huko likiwa na harufu, mtu hataandika kwamba Masatu alikosea. Ataandika samaki wa Ziwa Victoria." Siku ileile tulipotoka tulipita Misungwi kwa Mama Holo, nikapiga goti sokoni mbele ya wenye mboga wote nikamwomba radhi. Alinikubalia, akaniuzia nyanya.

Gari likarudi baada ya siku chache. Mimi nikashushwa cheo, nikawa mbebaji wa barafu kutoka garini mpaka kwenye kasha, kiangazi kizima, mabega yakababuka. Mwalimu wa Butimba alituma ujumbe kwamba anahitaji muda zaidi wa kufikiri. Alifikiri mavuno mawili. Veronika huwa anasema baba yake hakuwahi kufikiri sana hivyo hata alipokuwa akisahihisha mitihani.

Jambo jingine alilolifanya Shangazi ni kujenga chanja la kukaushia samaki na tanuri la kubanikia. Kila siku alitenga sehemu ya samaki kwa ajili ya watu wa Misungwi, Shinyanga na kwingineko. Nikamuuliza kwa nini, wakati kiwanda kinalipa vizuri. Akanijibu, "Mlango wa Ulaya nimeuona ukifungwa kwa soda. Nyumba haina mlango mmoja."

Sasa mwanangu, ushauri wenyewe ni huu, na usiuweke kwenye simu ukaupoteza pamoja na simu.

Chochote unachokitoa hapa, liwe bondo, dengu, pamba au dagaa, ujue kinakokwenda, kama unavyojua nyumbani kwa wakwe zako. Uliza. Anayenunua kwako anamuuzia nani, na huyo naye anataka nini, na kwa nini anakataa hiki anachukua kile. Usipouliza utabaki kuwa mtu wa kubeba tu. Na ukishajua bei ya kule na bei ya huku, usinyamaze pia. Sisi wa mwanzo wa kamba ndio tunaoshika barafu, na barafu inayeyuka mikononi mwetu kabla ya kulipwa, hilo halijawahi kuwa sawa, na halitakuwa sawa kwa kukaa kimya. Lakini huwezi kudai haki ya kipande chako kama kipande chenyewe unakianika popote na kusema hawatajua. Watajua. Mdharau mwiba mguu huota tende, na tende lile halitaota kwako peke yako. Litaota kwa mwenye mashine, kwa mama wa chapati, kwa mkulima ambaye hajawahi hata kuliona ziwa.

Usitundike maisha ya watu wako kwenye msumari mmoja ulioko ng'ambo. Uza mbali, lakini uwe na jirani anayekula unachokizalisha. Na siku utakayokosea, maana utakosea, sema kabla mtumbwi wa mwenzako haujaguswa na maji. Ukweli uliochelewa hauharibiki kama samaki, lakini unanuka.

Mungu akupe mikono safi na macho ya kuona mbali. Akukutanishe na wanunuzi waaminifu na mizani isiyolala upande. Mzigo wako ufike ulikotumwa, na sifa yake irudi nyumbani. Ziwa likupe, nchi kavu ikutunzie. Amina.

Nilipomaliza kuandika haya nilimwita Kulwa, ambaye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kwa miaka yote hii, watoto wetu wamekua wakila sufuria moja. Nikamsomea yote, tangu soda mpaka amina, nikamuuliza kama kuna kilichopungua. Alitazama ziwa, kisha akasema:

"Umeandika vizuri. Kiwanda umekiomba radhi, Mama Holo umempigia goti, mpaka watu wa Ulaya unawaonea huruma. Mimi tangu siku ile mpaka leo, Masatu, hujaniambia samahani."